Litiamu inapita wapi ndani ya betri? Habari ya utando wa plastiki na chumvi isiyoganda

Telefone ambayo natumiaka kwa kurekodi mazungumuzo ya redio ilianza kufunguka yenyewe. Kifuniko cha nyuma kiliinuka kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja kikatoka. Ndani, betri ilikuwa imevimba sawa mukate. Fundi aliitoa kwa vidole viwili, polepole, akatoka nayo inje na kuiweka juu ya muchanga, mbali na banda lake. Aliogopa kuiacha juu ya meza ya kazi, na alikuwa na haki.

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuona jambo kama hilo: betri ya telefone, ya taa ya solere, ya redio ya kuchaji. Tena kila siku tunasikia jina la Manono na litiamu yake, tunasikia kobalti ya Lualaba, tunaambiwa kwamba dunia nzima inatafuta madini ya betri. Lakini ni watu wachache wanatuelezea litiamu inafanya kazi gani ikikwisha kufika ndani ya betri. Inapita wapi? Juu ya nini inaweza kuvimba ao kuwaka moto? Na wataalamu wanatafuta dawa gani?

Habari hii inajibu maulizo hayo. Tutaongea zaidi juu ya dawa moja ambayo inachunguzwa tangu zaidi ya miaka 20: kuondoa maji yanayowaka ndani ya betri, na kuweka fasi yake utando wa plastiki wenye kuchanganywa na chumvi isiyoganda.

Gramu moja inayofanya kazi yote

Litiamu ni metali nyepesi kuliko metali zote. Iligunduliwa mwaka 1817 na Johan August Arfwedson, mutu wa Uswidi, ndani ya jiwe. Ukiiweka juu ya maji inaelea, lakini usifanye hivyo, juu inapambana na maji na inatoa gesi inayowaka.

Ndani ya betri kuko pande mbili. Upande wa – unatengenezwa na grafiti, ile kaboni nyeusi tunayoona ndani ya kreyo. Upande wa + unatengenezwa na oksidi ya metali. Kwa telefone nyingi, ni oksidi yenye kobalti. Litiamu inaishi kati ya pande hizo mbili. Ukichaji, inaenda kulala ndani ya grafiti. Ukitumia telefone, inarudi upande wa +. Kwenda na kurudi, kila siku, mara mamia.

Lakini litiamu haisafiri muzima. Inagawanyika kwanza: elektroni moja inatoka na kupita inje, kwenye waya, na hiyo ndiyo inawasha telefone yako. Kinachobaki kinaitwa ioni ya litiamu. Iko na alama ya +, juu imepoteza elektroni, na yenyewe inapita ndani ya betri. Ni sawa abiria anayetoka Bukavu kwenda Goma kwa mashua, na muzigo wake unapita barabarani kwa gari. Wote wawili wanapaswa kukutana kule. Kama mashua imekwama katikati ya ziwa, muzigo pia unangojea, na hakuna kazi inayofanyika.

Kwa betri ya telefone ya miliampea-saa 4000, litiamu inayofanya safari hiyo ni karibu gramu moja tu. Gramu moja, chini ya kijiko cha chumvi, ndiyo inabeba simu zako zote, picha zako na muziki wako wa siku nzima.

Betri za namna hii zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Watu watatu waliofungua njia, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Goodenough alikuwa na miaka 97 siku hiyo. Oksidi ya kobalti aliyoleta na wenzake mwaka 1980 ndiyo iliunganisha betri ya telefone na udongo wa inchi yetu, juu sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inatoka Kongo.

Ziwa linalowaka

Tukirudi kwenye mufano wa mashua: ziwa lenyewe ni nini? Wataalamu wanaliita elektroliti. Ni kitu ambacho ioni inapita ndani yake, lakini elektroni haiwezi kupita.

Kwa betri tunazotumia leo, elektroliti ni maji-maji, lakini hayana hata tone ya maji ya kunywa. Ni muchanganyiko wa vitu vinavyoitwa kaboneti, ndani yake wameyeyusha chumvi ya litiamu. Muchanganyiko huo unapitisha ioni vizuri sana. Shida yake ni moja: unawaka. Betri ya litiamu ndani yake iko na kitu cha ndugu na esansi, karibu kabisa na vitu vinavyotoa moto.

Kati ya pande mbili kuko pia karatasi ya plastiki yenye matundu madogo sana, nyembamba kuliko unywele wa mutu. Kazi yake ni kuzuia + na – zisigusane. Karatasi hiyo ikitoboka, ao ikiyeyuka juu ya joto, umeme wote unapita kwa mara moja, joto linapanda, elektroliti inageuka gesi, na moto unaanza.

Kuvimba ni hatua ya mbele ya hiyo. Betri ikizeeka, ikichajiwa na chaja mbaya, ao ikikaa kwenye joto, elektroliti inaharibika polepole na kutoa gesi. Gesi haina fasi ya kutokea, mufuko wa alminiyomu unajaa. Kwa hiyo fundi wangu aliiweka juu ya muchanga.

Wazo la kwanza: ziwa ligeuke plastiki

Mwaka 1973, kule Sheffield, Uingereza, Peter Wright na wenzake walitangaza kwamba chumvi inaweza kuyeyuka ndani ya plastiki moja inayoitwa polioksidi ya etileni. Tuiite PEO, sawa vile wataalamu wanafanya. Munyororo huohuo ukikatwa mufupi unatumika ndani ya dawa na mafuta ya kupaka. Mwaka 1978, Mufaransa Michel Armand, mutu wa Grenoble, alitoa wazo: juu ya nini tusitumie plastiki hiyo fasi ya maji-maji ndani ya betri?

Ni wazo zuri. Plastiki haimwagiki, haitoki kama betri inapasuka, na inaweza kutengenezwa kuwa utando mwembamba. Utando huo unafanya kazi mbili: unatenganisha + na –, na pia unapitisha ioni.

Lakini ioni inapita namna gani ndani ya kitu kigumu? Fikiria sahani ya tambi. Kila tambi ni munyororo murefu wa PEO, na kwenye munyororo kuko oksijeni nyingi zimepangwa. Ioni ya litiamu inapenda oksijeni. Inashikwa na oksijeni karibu tano ao sita kwa pamoja, sawa mutoto aliyeshikwa na mikono ya watu wengi. Haiwezi kuruka. Inangojea munyororo utikisike, oksijeni moja iachilie, ingine ishike, na hivyo inasogea kidogo. Wakati mwingine inahama kutoka munyororo mumoja kwenda mwingine.

Maana yake: kama tambi hazitikisiki, litiamu inabaki palepale. Na PEO inapokuwa baridi, sehemu yake kubwa inajipanga na kuwa ngumu, sawa tambi za jana zilizogandamana ndani ya chungu. Inalegea ikifika karibu na digri 60. Kwa joto la kawaida la nyumba, utando wa PEO unapitisha ioni mara maelfu chini ya maji-maji ya betri ya telefone.

Betri za namna hii hata hivyo zilitumika. Kundi la Bolloré la Ufaransa lilizitengeneza na kuziweka kwenye magari ya kukodisha ya Paris kutoka mwaka 2011, na kisha kwenye bisi. Lakini zinapaswa kupashwa moto kwanza ili zifanye kazi. Nani atapasha telefone yake moto kila asubuhi? Tena plastiki peke yake haikufuta hatari yote, juu betri hizo ziko na litiamu ya metali ndani. Katika mwezi wa 4 mwaka 2022, bisi mbili za namna hiyo ziliwaka moto katika Paris, na kampuni ya usafiri ya muji ikaondoa bisi 149 barabarani kwa uchunguzi.

Wazo la pili: chumvi isiyoganda

Kwa kulegeza tambi zilizogandamana, mama wa nyumba anafanya nini? Anatia mafuta. Wataalamu pia walitafuta mafuta yao. Shida ni kwamba mafuta mengi yanayofaa yanawaka, na hapo tunarudi mwanzo.

Ndipo wakakumbuka vitu vinavyoitwa likwidi za ioni. Ni chumvi, lakini chumvi ya ajabu. Chumvi ya jikoni inayeyuka kwa digri 801. Likwidi ya ioni inayeyuka chini ya digri 100, na nyingi zinabaki maji-maji hata kwa joto la kawaida la nyumba. Mwaka 1914, Paul Walden alielezea moja ambayo inayeyuka kwa digri karibu 12. Kwa miaka mingi hakuna mutu alijua vizuri zitasaidia nini. Kutoka mwaka 1992, zilipopatikana aina zisizoharibika kwa hewa na unyevu, uchunguzi uliongezeka sana.

Juu ya nini hazigandi? Chumvi ya jikoni iko na ioni ndogo, za duara, zinapangana sawa matofali mazuri. Likwidi ya ioni iko na ioni kubwa, zenye umbo mbaya, mikono na mikia inje. Jaribu kupanga matofali yenye mikia: ukuta hausimami. Ndiyo maana inabaki maji-maji.

Faida yake kwa betri ni mbili. Kwanza, karibu haitoi mvuke, na bila mvuke moto haupati kitu cha kushika kwa urahisi. Pili, ni ioni tupu kutoka juu mpaka chini, kwa hiyo inapitisha umeme.

Kuzichanganya

Mwaka 2003, Joon-Ho Shin, Wesley Henderson na Stefano Passerini walitoa maandishi yao juu ya utando wa PEO uliotiwa chumvi ya litiamu pamoja na likwidi ya ioni. Kwa joto la kawaida, utando ulipitisha umeme zaidi ya mara kumi kuliko ule usiokuwa na likwidi hiyo. Na uliendelea kuwa utando, haukugeuka maji.

Leo kuko njia mbili kubwa za kutengeneza tando hizi:

- Njia ya kwanza ni ile ya tambi na mafuta. PEO inabeba litiamu yenyewe, likwidi ya ioni inaingia katikati ya minyororo na kuilegeza.
- Njia ya pili ni ile ya sponji. Wanachukua plastiki ingine, mara nyingi ile yenye florini inayoitwa PVDF-HFP, na kujaza matundu yake na likwidi ya ioni. Hapa plastiki inashikilia tu. Litiamu inasafiri ndani ya likwidi.

Ukisikia mutu anasema "utando wa plastiki wenye likwidi ya ioni," muulize ni njia gani, juu litiamu haifanyi sawasawa ndani ya hizo mbili.

Litiamu na walinzi wake

Hapa ndipo kuko siri ya habari hii. Mutu anaweza kupima utando na kusema: "Unapitisha umeme vizuri sana." Lakini ni nani anapita? Ndani ya utando kuko ioni za namna tatu ao zaidi: litiamu, ioni kubwa za + za likwidi, na ioni za –. Zote zinasukumwa na umeme, zote zinahesabiwa kwenye kipimo. Lakini betri inahitaji litiamu peke yake. Zingine zikifika upande wa pili, hakuna mulango wa kuziingiza. Zinarundikana pale na kuziba njia.

Ni sawa kuhesabu watu wanaopita kwenye barierre na kusema biashara inaenda vizuri, kumbe wengi hawana kitu mikononi, na wenye kubeba bidhaa ni wachache.

Kwa hiyo wataalamu wanapima kitu cha pili: kwa kila umeme 100 unaopita, ngapi unabebwa na litiamu? Kwa maji-maji ya betri ya kawaida, ni karibu 30 mpaka 40. Kwa PEO kavu, karibu 20 ao chini. Ukitia likwidi ya ioni, inaweza kushuka chini ya 10. Hesabu kubwa ya umeme imepanda, lakini fungu la litiamu limepungua. Ni habari ambayo tangazo la biashara haliwezi kukuambia.

Na kuko jambo la kushangaza zaidi. Litiamu iko ndogo sana na alama yake ya + iko na nguvu. Ikiingia ndani ya likwidi ya ioni, inavuta ioni za – zinakuja kuizunguka, mbili, tatu, sawa mukubwa anayetembea na walinzi wengi. Sasa fanya hesabu: + moja katikati ya – mbili ao tatu inakuwa –. Kundi zima limegeuka –. Umeme ukivuta, kundi linaenda upande wa ioni za –, na litiamu inabebwa nayo, nyuma-nyuma.

Mwaka 2018, Martin Gouverneur, Florian Schmidt na Monika Schönhoff wa chuo kikuu cha Münster, Ujerumani, walipima jambo hilo kwa mashini yenye sumaku inayofuatilia mwendo wa ioni. Waliona kwamba ndani ya muchanganyiko wa chumvi ya litiamu na likwidi ya ioni, litiamu kweli inasukumwa na umeme upande usiokuwa wake. Betri haisimami juu ya hilo, kwa sababu litiamu inayopungua upande mumoja inavuta ingine polepole kutoka fasi iko nyingi. Lakini njia hiyo ni ya taratibu. Ukitaka kuchaji haraka, haitoshi.

Katika muji uleule wa Münster, Diddens na Heuer walikuwa wamechunguza upande mwingine mwaka 2013, wakitumia hesabu za kompyuta zinazofuata kila atomi. Walitaka kujua: ndani ya utando wa PEO wenye likwidi ya ioni, litiamu inamufuata nani? Jibu: inabaki na tambi. Oksijeni za PEO zinaishika kwa nguvu kuliko walinzi wa –. Likwidi ya ioni haibebi litiamu. Inalegeza minyororo, minyororo inatikisika haraka, na litiamu iliyoshikwa nayo inasogea haraka pia.

Weka matokeo hayo mawili pamoja, utaelewa juu ya nini watu wanachanganya vitu hivi. Plastiki inaondoa litiamu mikononi mwa walinzi wanaoipeleka upande mbaya. Likwidi inaondoa ugumu wa plastiki. Kila mumoja anaficha kosa la mwenzake. Lakini kuko kipimo: ukizidisha likwidi, litiamu inakuwa chache ndani ya utando, sawa chumvi kidogo ndani ya sufuria kubwa ya supu, na utando unakuwa laini kupita kiasi, hauwezi tena kutenganisha + na –.

Dawa zinazojaribiwa

Watu wa maabara hawakukaa mikono mitupu. Hizi ni njia nne ambazo wanafuata:

1. Kutia chumvi ya litiamu nyingi sana ndani ya likwidi ya ioni. Litiamu zikikaribiana, zinaanza kurukia kutoka mulinzi mumoja kwenda mwingine, bila kubeba kundi lote. Muchanganyiko unakuwa muzito, lakini fungu la litiamu linapanda.
2. Kufunga ioni za – kwenye munyororo wa plastiki, ili zisitembee. Hapo litiamu inabaki karibu peke yake barabarani.
3. Kutengeneza likwidi ambayo ioni yake ya + iko na mukia wenye oksijeni, unaoshika litiamu sawa PEO inavyofanya na kupunguza walinzi wa –.
4. Kutia ndani ya utando unga wa kauri, wenye kupitisha litiamu peke yake ao wenye kusaidia utando kusimama imara.

Shida pia ziko. Likwidi za ioni zinauzwa bei kubwa kuliko elektroliti ya kawaida. Zinapaswa kukaushwa sana, juu maji kidogo yanaharibu betri. Nyingi ziko na florini, na zikipata joto kubwa kabisa zinaweza kuvunjika na kutoa gesi ya sumu. "Ngumu kuwaka" haimaanishi "haina hatari."

Na sisi wa mashariki?

Kwanza, jambo la sokoni. Betri nyingi za telefone ziko na maandishi "Li-Polymer" ao "Li-Po." Watu wanafikiri ndani yake ni plastiki kavu. Hapana. Kwa betri hizo za kawaida, ni muchanganyiko uleule wa maji-maji yanayowaka, pengine yameshikwa na plastiki kidogo sawa jeli, ndani ya mufuko laini wa alminiyomu. Tando tulizoeleza hapa bado hazijafika ndani ya telefone tunazouziwa. Mutu akikuambia betri yake "Li-Po haiwezi kuwaka," usimwamini.

Pili, jambo la udongo. Manono, katika jimbo la Tanganika, ilijulikana tangu wakati wa ukoloni juu ya kasiteriti. Leo inajulikana kuwa moja ya fasi zenye litiamu nyingi sana duniani, na haki ya kuichimba imeleta mabishano mbele ya mahakama. Litiamu ya kule imelala ndani ya jiwe linaloitwa spodumeni. Hata spodumeni safi kabisa, kilo 100 yake iko na litiamu kilo 3,7 tu. Zingine ni alminiyomu, silisi na oksijeni. Ukisafirisha jiwe, unasafirisha zaidi muzigo usio na bei.

Na safari kutoka jiwe mpaka utando ni ndefu: kuponda, kuchoma, kutoa litiamu, kuisafisha, kuigeuza chumvi, kutengeneza elektroliti, kupima ioni moja moja inaenda wapi. Kila hatua inaongeza bei, na kila hatua inahitaji watu waliosoma. Mwaka 2022 kituo cha utafiti juu ya madini ya betri kilianzishwa kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Ni mwanzo. Mutoto wa Kalemie ao wa Uvira anayependa kemia anapaswa kujua kwamba kazi hii haijamalizika popote, hata Ujerumani ao Japani. Maulizo bado yako wazi, na moja ya maulizo hayo linahusu gramu moja ambayo inaweza kutoka chini ya miguu yetu.

Mambo ya kufanya kama betri imevimba

- Zima kifaa, kiondoe kwenye umeme, usikichaji tena hata mara moja.
- Usitoboe betri ili "kutoa hewa." Kuko watu wanafanyaka hivyo, ni njia ya haraka ya kupata moto usoni.
- Usiisukume ili kifuniko kifunge, usiweke kifaa mufukoni ao chini ya muto.
- Iweke inje, juu ya muchanga ao ndani ya sufuria ya zamani, mbali na nguo, makaratasi na watoto, kisha uipeleke kwa fundi anayejua.
- Usitupe betri ndani ya moto wa takataka, wala ndani ya ziwa.
- Ikiwaka, toa watu kwanza. Moshi wake ni mubaya kwa mapafu. Kwa betri ndogo ya telefone, maji mengi yanasaidia kuipoza, kama unaweza kuyamwaga bila kusimama ndani ya moshi.
- Usinunue betri ya "okazioni" isiyojulikana umri wake, hata kama bei inakuvuta.

Maneno ya kushika

*Ioni*: atomi iliyopoteza ao kuongeza elektroni; iko na + ao –.
*Elektroliti*: kitu ambacho ioni inapita ndani ya betri.
*Utando*: karatasi nyembamba ya plastiki kati ya + na –.
*PEO*: plastiki yenye oksijeni nyingi, inayeyusha chumvi ya litiamu.
*Likwidi ya ioni*: chumvi inayoyeyuka chini ya digri 100.
*Fungu la litiamu*: sehemu ya umeme inayobebwa na litiamu yenyewe.

Betri yangu ilibaki juu ya ule muchanga siku mbili, kisha fundi akaipeleka. Telefone ilipata ingine, na narekodi nayo mpaka leo. Ila sasa siichaji tena usiku chini ya muto.